Toleo Thabiti Huwa Tayari Lini? Vigezo vya Utayari wa Programu Huria na Nafasi ya Kiswahili

Ikisiri

Programu huria hupitia matoleo mengi ya majaribio kabla ya moja kutangazwa kuwa thabiti. Makala haya yanaeleza jinsi uamuzi huo unavyofikiwa, kwa kurejelea miradi ya Debian, Ubuntu, KDE, GNOME na kiini cha Linux. Yanadai kwamba uthabiti ni uamuzi unaotolewa kwa vigezo vinavyojulikana, wala hauna maana ya kukosa kasoro. Na kwamba lugha huhesabiwa miongoni mwa vigezo hivyo pale tu ambapo wenye lugha wamefika kabla ya matini kufungwa. Kwa kutumia mfano wa upatanisho wa ngeli, makala yanaonesha kwamba baadhi ya kasoro za Kiswahili katika programu haziwezi kurekebishwa na mfasiri peke yake baada ya hatua hiyo. Mapendekezo yanatolewa kwa taasisi za Kiswahili na kwa washauri wa sera.

Maneno msingi: programu huria, toleo thabiti, ujanibishaji, kufunga matini, sera ya lugha

1.0 Utangulizi

Mshauri wa wizara anayetakiwa kupendekeza programu ya kutunzia kumbukumbu za zahanati, na mfasiri anayetakiwa kuiweka programu hiyo katika Kiswahili, hukabiliwa na swali moja kwa sura mbili. Wa kwanza huuliza iwapo toleo jipya linaweza kuaminiwa. Wa pili huuliza iwapo matini ya toleo hilo imetulia kiasi cha kufasiriwa bila kazi kupotea. Majibu ya maswali yote mawili yamo katika hatua moja ya maisha ya programu, yaani hatua ya kutangaza toleo thabiti.

Programu huria ni programu ambayo msimbo chanzo wake uko wazi, na ambayo mtu yeyote anaruhusiwa kuitumia, kuisoma, kuibadili na kuisambaza kwa masharti ya leseni yake. Kwa kuwa kazi yake hufanyika hadharani, hata toleo ambalo halijakomaa huweza kupakuliwa siku ileile lilipoandikwa. Kupatikana huko hakumaanishi kwamba linafaa kutumika hospitalini, benki au shuleni. Kati ya msimbo ulioandikwa leo na toleo linalopendekezwa kwa umma kuna majaribio, mabishano na uamuzi. Sehemu zinazofuata zinaeleza uamuzi huo, kisha zinaonesha mahali ambapo Kiswahili huingia au huachwa nje.

2.0 Maana ya neno "thabiti"

Katika maandishi ya Kiswahili kuhusu kompyuta, toleo la aina hii huitwa mara "imara" na mara "thabiti". Maneno haya yanakaribiana, lakini hayalingani. Nyumba imara ni ile yenye nguvu, isiyobomoka kwa urahisi. Mtu mwenye msimamo thabiti ni yule asiyeyumba wala kugeuka. Tofauti hii ina uzito katika mada inayojadiliwa. Mradi wa Debian, ulioanzishwa na Ian Murdock mwaka 1993, hulitumia neno linalolingana na "thabiti" kwa maana ya pili: toleo likishatangazwa, yaliyomo hayabadilishwi, isipokuwa kwa kuziba mianya ya usalama na kurekebisha kasoro kubwa. Tawi lake lisilo thabiti halina maana kwamba programu zake huanguka kila saa. Lina maana kwamba yaliyomo hubadilika kila siku. Kwa sababu hiyo, makala haya yanatumia istilahi ya "toleo thabiti".

Msomaji anayeelewa "thabiti" kuwa ni "lisilo na kasoro" atakatishwa tamaa na historia. Mwezi Machi 2012, mradi wa OpenSSL, unaotunza programu ya kulinda mawasiliano ya intaneti, ulitoa toleo la 1.0.1. Lilikuwa toleo rasmi, si la majaribio. Ndani yake mlikuwamo kasoro iliyomwezesha mtu wa mbali kusoma vipande vya kumbukumbu ya seva, pamoja na funguo za siri. Kasoro hiyo, iliyopewa jina la Heartbleed, ilitangazwa tarehe 7 Aprili 2014, baada ya miaka miwili. Tangazo la uthabiti, kwa hiyo, husema jambo dogo kuliko linavyodhaniwa: kwamba kasoro zinazojulikana zimepimwa na zile zilizobaki zimeonekana kuvumilika. Kuhusu zisizojulikana, tangazo hilo halina la kusema.

Nambari ya toleo nayo huweza kupotosha. Mazingira ya KDE yalipotolewa katika toleo la 4.0 mwezi Januari 2008, watumiaji wengi walisoma nambari hiyo kuwa ni mwaliko wa kuhamia. Viongozi wa mradi walieleza kwamba toleo hilo liliwekwa kuwa msingi ambao wasanidi wangejenga juu yake, na kwamba ukamilifu ungekuja katika matoleo yaliyofuata. Malalamiko yalikuwa mengi. Tatizo halikuwa la msimbo pekee. Pande mbili zilikuwa zimeipa nambari moja maana mbili tofauti. Hilo ni tatizo la mawasiliano, na linawahusu wanaisimu sawa na linavyowahusu wahandisi.

3.0 Njia mbili za kuamua

Wahenga walisema haraka haraka haina baraka. Walisema pia ngoja ngoja huumiza matumbo. Miradi ya programu huria imegawanyika kwa muda mrefu kati ya hekima hizi mbili.

Njia ya kwanza ni kusubiri hali. Toleo hutolewa pale kasoro zilizotajwa zinapokuwa zimekwisha, bila kujali tarehe. Debian ilijulikana kwa msimamo huu, na kwa gharama yake. Toleo la 3.0 lilitoka Julai 2002, na lile la 3.1 likatoka Juni 2005, karibu miaka mitatu baadaye. Katika muda huo, watumiaji wa toleo thabiti walibaki na programu zilizokuwa zimepitwa na wakati, na baadhi walilazimika kutumia matawi ya majaribio katika kazi ambazo hazikufaa kufanyiwa majaribio.

Njia ya pili ni kufuata kalenda. Tarehe huwekwa mapema; kipengele kisichokuwa tayari husubiri safari inayofuata, na toleo halikisubiri. GNOME hufuata mzunguko wa miezi sita. Ubuntu, iliyotoa toleo lake la kwanza Oktoba 2004, hutoa matoleo kila Aprili na Oktoba, na nambari za matoleo yake hutaja mwaka na mwezi. Hata hivyo, kalenda yenyewe si amri isiyovunjwa. Toleo lililokusudiwa Aprili 2006 liliahirishwa hadi Juni, likaitwa 6.06, kwa kuwa lilikuwa la kwanza kuahidiwa utunzaji wa muda mrefu na wasimamizi walitaka muda zaidi wa kulisafisha.

Kiini cha Linux kinaonesha muafaka kati ya njia hizo. Baada ya toleo kutoka, hufunguliwa dirisha la takriban wiki mbili ambamo mabadiliko mapya hupokelewa. Dirisha likifungwa, hutolewa toleo tarajiwa la kwanza, na kila wiki hufuata jingine lenye marekebisho tu. Kwa kawaida matoleo tarajiwa huwa saba. Linus Torvalds akiona kwamba marekebisho bado ni mengi au ni makubwa mno, huongeza la nane. Kalenda hutoa umbo la kazi, na hali ya msimbo huamua wiki ya mwisho. Debian nayo imesogea upande huo: siku hizi hutangaza mapema tarehe za kufunga mabadiliko, lakini siku ya kutoa hutegemea kasoro zilizosalia. Matokeo yake ni toleo jipya kila baada ya takriban miaka miwili: Julai 2019, Agosti 2021, Juni 2023 na Agosti 2025.

4.0 Vigezo vya utayari

Uamuzi wa Debian unaweza kufuatiliwa na mtu yeyote, kwa hiyo unafaa kuwa kielelezo. Kifurushi kipya huingia kwanza katika tawi lisilo thabiti. Ili kihamie tawi la majaribio, masharti kadhaa hutakiwa kutimia: kiwe kimekaa siku kadhaa (kwa kawaida mbili, tano au kumi kulingana na uharaka wake), kisilete kasoro mpya za kuzuia toleo, na vitegemezi vyake viwe vinapatikana katika tawi hilo. Kasoro za kuzuia toleo ni za ngazi tatu za juu. Zimo zile zinazoharibu mfumo mzima au kupoteza data kwa kiwango kikubwa, zile zinazofanya kifurushi kisitumike, na zile zinazovunja sera ya mradi kiasi kwamba kifurushi hakistahili kutolewa. Kasoro ndogo haizuii toleo, hata ikiudhi.

Baadaye milango hufungwa kwa awamu. Kwa toleo la 12, mabadiliko makubwa yanayogusa vifurushi vingi yalizuiwa kuanzia Januari 2023. Mwezi Februari vifurushi vipya vilizuiwa. Mwezi Machi masharti yakakazwa zaidi. Na mwishoni mwa Mei kila badiliko likahitaji idhini ya wasimamizi wa toleo. Tangazo lilitoka tarehe 10 Juni 2023. Kwa miezi mitano, kazi ya mradi ilihama kutoka kuongeza hadi kupunguza.

Manufaa ya subira hiyo yalionekana mwaka uliofuata. Mwezi Februari na Machi 2024, matoleo ya 5.6.0 na 5.6.1 ya xz, programu ya kubana data, yalitoka yakiwa na mlango wa siri uliopandikizwa kwa makusudi. Tarehe 29 Machi 2024, msanidi Andres Freund alitangaza ugunduzi wake: alikuwa ameona kwamba kuingia katika kompyuta ya mbali kulichelewa kwa takriban nusu sekunde, akafuatilia sababu. Matoleo hayo yalikuwa tayari yamefika katika matawi ya majaribio na yasiyo thabiti ya Debian. Tawi thabiti halikuguswa. Ubuntu iliahirisha toleo lake la beta la 24.04 kwa wiki moja ili kujenga upya vifurushi vyake. Hakuna kigezo kilichoandikwa ambacho kingetambua hila ile. Kilichosaidia ni kuwapo kwa kipindi ambamo watu wengi waliitumia programu kabla haijafika kwa umma mpana.

Kutokana na mifano hii, utayari unaweza kufupishwa katika maswali manne. Je, kasoro za kuzuia zimekwisha? Je, kasi ya mabadiliko imepungua? Je, watu wa kutosha, katika mazingira tofauti, wamelijaribu toleo? Je, yupo aliyeahidi kulitunza, na hadi lini? Swali la tatu ndilo linalofungua mlango kwa lugha.

5.0 Kufungwa kwa matini na nafasi ya Kiswahili

Maneno yanayoonekana katika kiolesura (vitufe, menyu, maonyo, ujumbe wa makosa) huhifadhiwa kama matini fupifupi zinazofasiriwa moja baada ya nyingine. Kabla ya toleo thabiti, miradi mingi huweka siku ya kufunga matini: kuanzia hapo wasanidi hawaruhusiwi kubadili maneno ya chanzo bila idhini, ili wafasiri wapate muda wa kumaliza. Katika GNOME, anayetaka kuvunja kanuni hiyo huomba ruhusa ya timu ya tafsiri. Lugha iliyofasiriwa kwa asilimia 80 au zaidi ya matini ndiyo inayotajwa kuwa inahudumiwa na toleo.

Kanuni hiyo ina sababu ya kiufundi. Katika mfumo wa gettext, unaotumiwa na programu huria nyingi, tafsiri hufungamanishwa na matini chanzi neno kwa neno. Msanidi akiongeza nukta au kubadili neno moja la Kiingereza, tafsiri ya zamani hutiwa alama ya shaka, na kwa kawaida haitumiwi tena hadi mfasiri aithibitishe. Mtumiaji huona Kiingereza katikati ya Kiswahili. Badiliko lililomchukua msanidi sekunde chache siku moja kabla ya toleo huweza kufuta kazi ya mfasiri kwa miezi yote ya uhai wa toleo hilo.

Kwa Kiswahili kuna tatizo la ndani zaidi. Chukua ujumbe unaoarifu kwamba kitu kimefutwa, ambapo programu huchomeka jina la kitu hicho katika nafasi iliyoachwa wazi. Kwa Kiingereza, umbo moja la kitenzi hutosha kwa majina yote. Kwa Kiswahili, faili limefutwa, kitabu kimefutwa, ujumbe umefutwa, picha imefutwa, na mtumiaji amefutwa. Mfasiri aliyepewa matini moja yenye nafasi wazi hana njia ya kuheshimu upatanisho wa ngeli. Akiandika "imefutwa", programu itasema "kitabu imefutwa". Suluhisho ni msanidi kuandika matini tofauti kwa kila aina ya kitu, au kubadili muundo wa sentensi tangu katika chanzo. Kazi hiyo ni ya kubadili msimbo, na msimbo hubadilishwa kabla ya matini kufungwa. Mwenye Kiswahili akifika baada ya hapo, atapewa jibu la haki kwamba asubiri toleo linalofuata. Na akichelewa tena, atasubiri tena. Ndiyo maana baadhi ya makosa ya Kiswahili katika kompyuta, ambayo wasomaji huyalaumu kwa ujinga wa mfasiri, chimbuko lake ni kalenda.

Historia ya eneo hili inatoa funzo la ziada. Mradi wa Kilinux, uliohusisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa Jambo OpenOffice mwaka 2004, yaani OpenOffice.org kwa Kiswahili, uliojengwa juu ya mfululizo wa 1.1. Yalikuwa mafanikio makubwa: ilithibitika kwamba programu nzima ya ofisi inaweza kuzungumza Kiswahili. Mwezi Oktoba 2005, toleo la 2.0 lilitolewa, likiwa na sehemu mpya ya hifadhidata na hivyo matini mpya nyingi. Mwaka 2010 jamii ya wasanidi ilianzisha LibreOffice, inayotoa toleo kubwa takriban kila miezi sita. Mradi wenye bajeti ya mwanzo na mwisho hukamilisha toleo moja, ilhali programu haina toleo la mwisho. Tafsiri isiyotunzwa huliwa na kila toleo jipya, kama mchwa wanavyokula mlango wa nyumba isiyokaliwa.

Mfano mwingine unagusa nchi jirani kwa pamoja. Hazina ya data za lugha ya CLDR, inayosimamiwa na Unicode, huhifadhi majina ya siku na miezi, miundo ya tarehe na alama za fedha zinazotumiwa na simu na kompyuta nyingi. Ndani yake Kiswahili kina maingizo ya Tanzania, Kenya, Uganda na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Kwa kawaida hazina hiyo hutolewa mara mbili kwa mwaka, na hupokea masahihisho katika vipindi maalumu tu. Lahaja ya Kongo ikiandikwa vibaya na asijitokeze mjuzi katika kipindi hicho, kosa husafiri hadi kwenye vifaa vya watu ambao hawakuulizwa.

6.0 Athari kwa sera

Wizara za afya za Kenya, Tanzania, Uganda na Rwanda hutumia DHIS2, programu huria ya takwimu za afya inayoendelezwa chini ya uongozi wa Chuo Kikuu cha Oslo. Kenya ilianza kuitumia kitaifa mwaka 2011. Mifumo ya aina hii haiwezi kuhamishwa kila toleo jipya linapotoka, wala haiwezi kuachwa katika toleo ambalo watunzaji wake wameacha kuliziba mianya. Kutokana na maelezo yaliyotangulia, mapendekezo manne yanafaa kuzingatiwa.

Kwanza, waraka wowote wa kuidhinisha programu ya umma utaje mfululizo wa toleo, tarehe ya mwisho ya utunzaji wake, na ofisa anayewajibika kuandaa uhamisho kabla ya tarehe hiyo. Kutaja jina la programu pekee hakutoshi. Aidha, toleo la kwanza la mfululizo mpya lijaribiwe katika nakala ya mfumo kabla ya kuwekwa mahali ambapo kumbukumbu za watu zinatunzwa.

Pili, majaribio ya Kiswahili yafanywe katika hatua ya beta. Kikundi kidogo cha walimu, wauguzi au makarani kinachotumia toleo la beta kwa wiki mbili na kuripoti kasoro za lugha kina nguvu kuliko kamati inayokutana baada ya toleo kutoka. Vyuo vikuu vinavyofundisha tafsiri vinaweza kupanga mazoezi ya wanafunzi yaendane na kalenda za miradi michache iliyochaguliwa.

Tatu, istilahi zisanifiwe katikati ya mizunguko. BAKITA, BAKIZA na Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki zina dhamana ya kusanifu na kuoanisha istilahi, na kazi hiyo haiwezi kuharakishwa katika wiki chache za kufunga matini. Ikiwa orodha ya istilahi imekubaliwa mapema, mfasiri hutumia wiki hizo kufasiri badala ya kubishana kuhusu "kompyuta" na "tarakilishi".

Nne, kiwango cha asilimia kisichukuliwe kuwa kipimo pekee. Programu iliyofasiriwa kwa asilimia 80 yaweza kuwa imeacha katika Kiingereza asilimia 20 zenye maonyo ya kupoteza data na maombi ya ridhaa. Taasisi inayoamua kwamba toleo liko tayari kwa watumiaji wa Kiswahili haina budi kuanza na matini ambazo kutoeleweka kwake kunamdhuru mtu.

7.0 Hitimisho

Makala haya yameeleza kwamba toleo la programu huria huwa tayari pale watu wenye mamlaka, wakitumia vigezo vinavyojulikana, wanapokubali kwamba kasoro zilizobaki zinavumilika na kwamba wako tayari kuzibeba kwa muda waliouahidi. Kasoro isiyoripotiwa haimo katika mizani hiyo. Mradi unaweza kutangaza toleo thabiti lenye "kitabu imefutwa" bila kuvunja kigezo chake hata kimoja, kwa kuwa hakuna aliyelitaja kosa hilo wakati wa kulitaja. Kuwapo kwa Kiswahili katika toleo thabiti kunategemea, pamoja na ubora wa tafsiri, kuwapo kwa wenye Kiswahili katika wiki zinazotangulia kufungwa kwa matini. Kalenda za miradi hiyo ziko wazi. Kinachosalia ni taasisi za eneo hili kuziingiza katika mipango yao ya mwaka, zikiwa na bajeti na watu waliotajwa kwa kazi hiyo.